Mababu zetu waliabudu mlima wa moto?
(Juu ya hadisi ya Mwindo na namna ya kuisoma)

Kwa mtu anayekaa Birere, neno la volkano si neno la vitabu. Nyumba zetu zimesimama juu ya mawe meusi ambayo kitambo yalikuwa moto wenye kutiririka. Watoto wanacheza juu yake, wanawake wanaanika muhogo juu yake, na chukudu zinagonga juu yake tangu asubuhi mpaka magharibi. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la moto lililokuwa ndani ya Nyiragongo lilitoboka na kumwagika lote katika muda usiofika saa moja. Tarehe 17 Januari 2002 moto ulipita katikati ya mji, ukachoma kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ukafunika maduka ya Birere, ukaenda kuzimika katika ziwa Kivu. Tarehe 22 Mei 2021 ulishuka tena usiku, ukasimama karibu na uwanja wa ndege; siku tano nyuma yake serikali ikaamuru mitaa 10 ya Goma ihame.

Kila mara, mawe yakiwa bado na moto, tunasikia maneno ya namna mbili. Wengine wanasema: wakubwa wa mlima wamekasirika, kwa sababu hakuna tena mtu anayewakumbuka. Wengine, wenye Biblia mkononi, wanasema: Mungu ameadhibu Goma kwa ajili ya dhambi zake, na zaidi dhambi za Birere, mtaa wa soko, wa pombe na wa magendo. Hawa wa pili wanawacheka wale wa kwanza na kuwaita wapagani, waabudu milima.

Tunataka kuuliza maswali mawili. Je, ni kweli kwamba mababu wa nchi hii waliabudu mlima, radi na mwezi? Tena, kati ya wale wasemaji wawili, nani anakaa karibu zaidi na Injili? Si maswali ya kupitisha wakati. Mkristu aliyepoteza nyumba yake anakuja kwa padri na kuuliza: nimekosa nini? Jibu letu litamsimamisha ao litamponda mara ya pili.

Ili tusijibu kwa kubahatisha, tumeshika kitabu kimoja cha Kivu yetu ya Kaskazini, ambacho wengi wanataja jina lake na wachache wamekisoma mpaka mwisho. Ni hadisi ya Mwindo, hadisi kubwa ya Wanyanga. Wanyanga ni watu wa msitu wa Walikale, upande wa magharibi wa milima yetu ya moto, na wengi wao wanakaa leo hapa Goma pamoja nasi. Mwaka 1956, katika kijiji cha Bese, mwimbaji She-Karisi Rureke aliisimulia hadisi hiyo kwa muda wa siku 12. Aliiimba, aliisema, aliicheza kwa mwili wake wote, vijana wake wakipiga fimbo na kumwitikia. Mwelgi Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene, ambaye ni Mnyanga mwenyewe, waliiandika neno kwa neno. Mwaka 1969 ilitoka katika kitabu huko Marekani, chapa ya chuo kikuu cha California, kwa Kinyanga na kwa Kiingereza, pamoja na maelezo mengi chini ya kurasa. Nyuma ya miaka 9, Biebuyck alitoa kitabu kingine chenye hadisi nyingine za Mwindo, zilizosimuliwa na waimbaji wengine. Mateene naye alikuwa baadaye mkubwa wa ofisi ya lugha ya Umoja wa Afrika huko Kampala.

Kwanza tuseme hadisi yenyewe kwa kifupi.

Mwami Shemwindo wa kijiji cha Tubondo alioa wanawake saba, akawaamuru wote wazae wasichana tu: akizaliwa mtoto mwanaume, atauawa. Mke wake mpendwa akamzaa Mwindo. Mtoto akatoka tumboni kwa njia ya kidole cha mama yake, akitembea na kusema, mkononi ana mgwisho wa mkia wa nyati, unaoitwa conga. Baba akamrushia mikuki, ikaanguka bure. Akamzika, akatoka kaburini. Akamfunga ndani ya ngoma na kumtupa majini, na ngoma ikaelea ikiimba. Mwindo akaenda kwa shangazi yake Iyangura, aliyeolewa na Mukiti, nyoka mkubwa mwenye enzi ya maji. Kisha wajomba zake, ambao ni popo, wakamfulia mwili wa chuma, naye akaita Nkuba, yaani radi, ikaangamiza Tubondo. Baba akakimbia chini ya ardhi, akiingia penye mzizi wa jani la kikoka.

Mwindo akamfuata huko chini. Shangazi alibaki juu akishika ncha ya kamba, ili ajue kama mtoto ni mzima. Kule chini Mwindo alimkuta Kahindo, msichana mwenye buba mwili mzima, akamwosha vidonda vyake. Alishindana na Muisa, baba wa Kahindo, akacheza mchezo wa kubahatisha na Sheburungu na kumshinda, akamkamata baba yake. Hakumwua. Alimrudisha nyumbani, akawafufua watu wa Tubondo, na Shemwindo akaungama makosa yake mbele ya wote. Baba na mwana wakagawanya utawala, Iyangura akiwa shahidi.

Wengi wanafunga kitabu hapo, na kufanya hivyo ni kupoteza maana yote. Mwindo, akiwa sasa mwami mwenye sifa, alitaka kula nyama ya nguruwe wa mwitu. Aliwatuma Wambuti wawinde. Zimwi Kirimu likawameza watatu. Mwindo akaliua zimwi na kulichoma. Kumbe Kirimu alikuwa amechanjiana undugu wa damu na Nkuba. Nkuba aliposikia harufu ya rafiki yake anayeungua, akashuka, akamchukua Mwindo mpaka mbinguni, akamkalisha huko mwaka mzima. Mvua ilimpiga. Mwezi ulimchoma nywele. Jua lilimtia kiu. Nyota Kubikubi ikamwonya. Kila mmoja alimwambia jambo lile moja: uache majivuno yako, usiue tena mnyama wa msitu wala wa nyumbani, hata mdudu mdogo. Ndipo akarudishwa, akawapa watu wake sheria.

Sasa tuje kwenye hukumu yetu. Je, hii ni hadisi ya watu wanaoabudu viumbe?

Msomaji atazame ginsi wenye nguvu hao wanavyotenda. Kwanza, kila mmoja ana mahali pake na kazi yake, wala hawezi kuvuka mpaka wake. Mukiti anatawala maji tu. Muisa ana nguvu kule chini. Nkuba anapiga toka juu. Hakuna hata mmoja anayesema: nchi yote ni yangu, mimi niliiumba. Pili, wanaweza kushindwa. Mwindo anampiga Muisa kwa conga mpaka anaanguka, kisha anamwinua. Nani anampiga mungu wake na kumwinua tena? Tatu, wamefungwa na deni la urafiki sawa na sisi. Nkuba hamwadhibu Mwindo kwa kukosa sadaka; anamwadhibu kwa sababu ameua ndugu yake wa damu. Nne, na hili ndilo kubwa, kule mbinguni hawamwombi Mwindo ibada yo yote. Hawataki mbuzi, hawataki kuku, hawataki kibanda. Wanataka mwami awe mpole.

Kwa hiyo tunasema: katika hadisi hii viumbe si miungu ya kuabudiwa, ni baraza la wazee. Radi, mvua, mwezi, jua na nyota wanamkalisha mwami katikati na kumhukumu, kwa sababu kijijini hapakubaki mtu wa kumhukumu. Mtu aliyeshinda baba yake, kuzimu na zimwi, nani atamkemea? Wanyanga walijibu: viumbe vitamkemea. Ndiyo sababu, akirudi, anawaagiza watu walime kwa wingi, wakae katika nyumba nzuri, wasigombane, wasimcheke kilema anayepita kijijini, wasimfuate mke wa mwingine. Wamwogope mwami, na mwami naye awaogope. Neno hili la mwisho ni zito. Birere imeona wakubwa wengi wakiingia na kutoka, kila mmoja na bunduki zake, wote wakitaka kuogopwa. Ni nani kati yao alisema kwamba anawaogopa watu wake?

Hapa mwenye kusoma teolojia atauliza: na uumbaji, uko wapi? Katika hadisi ya Mwindo haumo. Inaanza na mwami, kijiji chake na wake zake, nchi ikiwa imekwisha kuwapo. Jina la Ongo, ambaye Wanyanga wanamtaja kuwa mwumbaji, linapita kama mtu anayepita nyuma ya nyumba: unasikia hatua zake, humwoni. Katika nchi ya jirani, ng'ambo ya mpaka ambao Birere inaugusa, ni vilevile: Imana ndiye anayeumba na kugawa, lakini hakujengewa vibanda wala kufanyiwa ibada kama walivyofanyiwa mizimu. Wazungu wengine walisema: tazama, wamemsahau Mungu. Sisi tunasema polepole: kutokumpa mtu kuku si kumsahau.

Lakini tujihadhari na haraka, kwa maana juu ya neno hili kuna haraka za namna mbili.

Haraka ya kwanza ni ya wale waliofuata Mwingereza Edward Tylor, ambaye mwaka 1871 aliandika kwamba dini yote ilianza kwa kuona roho katika kila kitu. Nyuma yake kila mwenye kuona kibanda chini ya mti aliandika: hawa wanaabudu mti. Haraka ya pili ilitoka kwetu, katika Kanisa. Padri Wilhelm Schmidt, wa shirika la Neno la Mungu, aliyeanzisha gazeti la Anthropos mwaka 1906, aliandika vitabu 12 juu ya asili ya wazo la Mungu, vilivyotoka tangu 1912 mpaka 1955. Alitaka kuonyesha kwamba watu wote wa kwanza walimjua Mungu mmoja. Ni kazi ya ajabu kwa ukubwa wake. Katika vitabu vya mwisho alifika mpaka kwa wafugaji wa Asia, kati yao Waturuki wa kale.

Mfano wa Waturuki hao unatufaa. Waliacha maandiko juu ya mawe makubwa karibu na mto Orkhon, katika nchi inayoitwa leo Mongolia. Jiwe moja la maarufu ni la mwaka 732. Humo kunatajwa mbingu ya buluu juu, nchi chini, na katikati yao mwanadamu. Mbingu inaitwa Tengri, na neno hilo moja ni jina la anga tunaloliona, tena ni jina la Mwenye enzi anayempa mfalme utawala na kumnyang'anya. Waliheshimu pia mahali patakatifu pa Ötüken, na nguvu za nchi na maji. Ndugu zao kwa lugha, watu wa milima ya Altai, wanahadisia mwanzo wa maji matupu, na mmoja anayezama chini kuleta udongo uliokuwa nchi kavu. Sasa, mwanafunzi wa Tylor akisoma hayo anasema: ibada ya anga na milima. Mwanafunzi wa Schmidt anasema: Mungu mmoja! Wote wawili wanawahi kumaliza, na Mturuki mwenyewe hajaulizwa kwa nini mbingu yake inashughulika sana na wafalme. Angeulizwa, pengine angesema neno ambalo Rureke angelifahamu mara moja: mwenye kutawala sharti awe na mtu wa juu yake.

Haraka inaweza pia kuzaa Mungu wa uongo. Mwandishi Okot p'Bitek wa Uganda, katika kitabu chake cha mwaka 1970 juu ya wataalamu wa Ulaya na dini za Afrika, anaeleza ginsi mapadri Waitalia, mwaka 1911, walivyowauliza wazee wa Acholi: nani aliwaumba? Katika lugha yao hapakuwa neno la kuumba kama la katekismu, basi swali likawa: nani aliwafinyanga? Wazee walifikiri, wakakumbuka ugonjwa wa uti wa mgongo unaompinda mtu na kumfanya kibiongo. Wakajibu: Rubanga ndiye anayefinyanga watu. Na jina hilo la mwenye kupinda migongo likaandikwa katika vitabu vya sala. Mwenye kusoma haya asicheke tu. Ajiulize kama na yeye, akifika kijijini na daftari, anauliza swali la watu ao swali lake mwenyewe.

Tena hadisi za asili zinaweza kuua. Hadisi ya Kigwa, aliyeshuka toka mbinguni, ilikuwa hadisi kama nyingine. Waandishi wengine wa wakati wa ukoloni waliishika kama ushahidi kwamba watu wa namna moja walitoka mbali na kuzaliwa kutawala. Matunda ya fundisho hilo tumeyaona kwa macho, na mwaka 1994 yalivuka mpaka na kupita mbele ya milango yetu ya Birere, watu elfu na elfu kwa miguu. Kusoma vibaya hadisi si kosa dogo la shule.

Okot p'Bitek angetushika na sisi pia. Angesema: ninyi mapadri, mnamvika Nkuba kanzu ya Misa. Ni onyo la haki, na tunalipokea. Ndiyo sababu hatusemi kwamba Nkuba ni malaika, wala kwamba Mwindo ni mfano wa Kristu kwa sababu alishuka kuzimu na kurudi. Mwindo alishuka kumkamata baba yake. Kristu alishuka kuwafungulia wafungwa. Tusifananishe kwa haraka vitu vinavyofanana kwa mbali.

Wala hatusemi kwamba katika desturi za kitambo kila kitu kilikuwa safi. Hadisi ni jambo moja, na desturi za kila siku ni jambo lingine. Wenye nguvu wale wale ambao katika hadisi hawataki kitu, huko vijijini walijengewa vibanda, wakatolewa sadaka kwa hofu, wakaulizwa nani ameleta ugonjwa. Hofu hiyo ilifunga watu. Kibanda kilichojengwa kwa hofu, hata kama mwumbaji anajulikana, kinachukua mahali pake moyoni.

Na mlima wenyewe? Wanyanga wanamtaja Nyamurairi, mwenye moto wa chini ya ardhi, na kila mkaaji wa Goma akisikia jina hilo anakumbuka Nyamuragira, jirani wa Nyiragongo. Lakini mafundisho yaliyoenea zaidi upande wetu ni ya kubandwa, ibada ya Ryangombe, mwindaji aliyeuawa na nyati. Katika hayo, waliopokelewa katika siri ya Ryangombe wanakwenda nyuma ya kufa kukaa naye penye baridi, ku mlima Karisimbi, ao ku Muhabura kama wengine wanavyosema. Wasiopokelewa wanatupwa katika moto wa Nyiragongo. Tazama vizuri: hata hapa mlima hauabudiwi. Mlima ni mahali pa hukumu. Anayeheshimiwa ni mtu aliyekufa, na moto ni gereza.

Hapa lakini sharti tuwe wakali kuliko katika hadisi ya Mwindo. Mwindo anahukumiwa kwa matendo yake, kwa majivuno na kwa damu ya rafiki. Katika kubandwa mtu anakwenda motoni kwa sababu hakupokelewa katika siri, hata kama alikuwa mpole na mwenye kulisha yatima. Kati ya mafundisho hayo mawili, la Wanyanga linakaa karibu zaidi na sura ya 25 ya Matayo. Yule anayeweka yote mawili katika kapu moja lenye jina la upagani hajafanya kazi yake.

Juu ya kitabu chenyewe tuna maneno mawili. La kwanza ni la sifa: kimemtaja mwimbaji kwa jina, kimeweka Kinyanga chenyewe mbele ya macho, na Mnyanga amesimama kama mwandishi wa pili, si kama mtumishi asiye na jina. Tena jina lake Kahombo ni jina la yule anayeleta bahati njema, ambaye mfuko wake mdogo Mwindo alizaliwa nao. Waandishi wangapi wa wakati ule walifanya hivyo? La pili ni la lawama. Maelezo ya Kiingereza yanatumia neno la miungu kwa Nkuba, kwa Muisa, kwa Mukiti, kwa wote pamoja, kana kwamba tuko Ugriki. Neno hilo linafunga swali ambalo hadisi inaliacha wazi. Ingefaa kusema wenye enzi, ao wakubwa wa mahali, na kumwachia msomaji apime mwenyewe. Tena kitabu kimekaa miaka mingi katika lugha ambayo wazee wa Walikale hawaisomi. Wajukuu wa wale waliomwitikia Rureke wanastahili kukipata kwa Kiswahili na kwa Kinyanga, kwa bei ya soko la Birere.

Turudi sasa kwa wale wasemaji wawili wa siku ya moto. Wa kwanza anasema wakubwa wa mlima wamekasirika. Anakosa, na tutamwambia amekosa: mlima ni kiumbe, hauna hasira. Kitabu cha Hekima, katika sura ya 13, kinawalaumu wanaochukua moto, upepo na nyota kuwa miungu. Lakini kinaongeza kwamba lawama yao si kubwa sana, kwa maana labda walipotea wakimtafuta Mungu. Tuwalaumu basi kwa upole ule ule wa Maandiko.

Wa pili anasema Mungu amechoma Birere kwa sababu ya dhambi za Birere. Huyu ana Biblia, lakini amesoma nusu. Katika Luka, sura ya 13, watu 18 waliangukiwa na mnara wa Siloamu, na Bwana wetu alikana wazi kwamba walikuwa wakosefu kuliko wakaaji wengine wa Yeruzalemu. Akawaita wote watubu. Katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 19, Eliya alisimama mlimani, moto ukapita, na Bwana hakuwa ndani ya moto. Anayemtia Mungu ndani ya lava, kisha anamfanya achague nyumba ya mjane na kuiacha ya tajiri, amerudi nyuma ya hadisi ya Wanyanga. Huko viumbe vinamwadhibu mwami mwenye majivuno. Katika mahubiri haya vinamwadhibu maskini aliyejenga penye bonde kwa sababu kiwanja cha juu kilikuwa na bei kali. Ni nani hapa mpagani?

Mkristu ana namna yake ya kusema na mlima. Wale vijana watatu wa kitabu cha Danieli, sura ya 3, wakiwa ndani ya tanuru, hawakuusujudu moto wala hawakuulaani; waliuita umsifu Bwana, pamoja na umeme, milima, mvua na nyota. Mtakatifu Fransisko wa Assisi aliwaita jua na mwezi ndugu zake. Papa Fransisko, mwaka 2015, alichukua jina la barua yake Laudato si' kutoka utenzi huo. Na Padri Alexis Kagame wa Rwanda alitunga, katika lugha yake mwenyewe, utenzi mrefu juu ya Mwenye viumbe, sehemu yake ya kwanza ikitoka kwa Kifaransa mwaka 1952. Hao hawakuabudu viumbe, wala hawakuvidharau.

Heshima hiyo ina kazi ya mikono. Mwenye kujua kwamba mlima ni kiumbe anataka kujua namna unavyopumua: ndiyo kazi ya wale wa ofisi ya kuchunguza volkano ya Goma, iliyoanzishwa mwaka 1986, na sharti wapewe vyombo na mishahara. Anataka njia za kukimbilia zibaki wazi. Anataka wakubwa wawe na hofu ya watu wao, kama Mwindo alivyofundishwa kule juu kwa baridi na kiu, ili siku ya moto wasiwe wa kwanza kupanda gari.

Kwenu waseminari, ndugu zetu, tunaomba jambo moja. Mkienda likizo, wasikilizeni wazee mpaka mwisho wa hadisi, mbele ya kuandika ni ya Mungu ao ni ya shetani. Andikeni jina la msimulizi, mahali na mwaka. Ulizeni neno la lugha yao, msilete neno la katekismu mkilitafutia jibu. Na mkija kuhubiri hapa Birere siku mlima utakapowaka tena, kwa maana utawaka, mtu akiwauliza amekosa nini, mwambieni kweli: wewe hukuchaguliwa kwa moto. Kisha mshikeni mkono, mchukueni mzigo wake, mtembee naye mpaka mahali pa salama.